Buibui wa Gitaa la Mama

Wiki ya kwanza baada ya kumzika baba, mama alianza kuliacha gitaa lake karakanani. Naiita karakana kwa heshima tu. Ni banda la mabati nyuma ya nyumba yetu ya Majengo, lenye meza moja nzito ya kazi, jiliwa la chuma, na harufu ya gundi na maranda ambayo imeingia hadi kwenye mabati yenyewe. Asubuhi nikitoka kufagia ua nalikuta gitaa limelazwa chali katikati ya meza ya baba. Nalirudisha chumbani na kulitundika kwenye msumari wake. Kesho yake nalikuta mezani tena.

Nikadhani ni majonzi. Niliwahi kusikia habari za wajane wanaompakulia marehemu chakula mwezi mzima, na mama yangu sasa ni mtu mzima, macho yake yamepungua nguvu. Siku ya nne nikamuuliza.

"Mama, mbona gitaa unalipeleka bandani kila siku? Litaliwa na panya."

"Limenyamaza," akasema, akaendelea kupepeta uwele.

Nikalichukua, nikapapasa nyuzi. Zilitoa sauti safi, ya kuteleza, kama ya gitaa lolote la kwenye redio. Ule mvumo wake haukuwapo, ule uliokuwa ukiifuata kila noti kama nyuki. Buibui amekufa, nikawaza, halafu nikacheka peke yangu, maana nina watoto wawili na kiti changu ofisini kule Mtumba, kwenye mji wa serikali, na sikutegemea kuwaza kitu kama hicho. Lakini harufu ya gundi ilikuwa imenijaa puani, na harufu hiyo haina adabu, inamrudisha mtu utotoni bila kumwomba ruhusa.

Mama yangu ni Mgogo wa Mvumi, na nilipokuwa mdogo yeye ndiye aliyekuwa akianzisha nyimbo kanisani. Nyumbani aliimba akifua, akitwanga, akiniogesha huku sabuni ikiniingia machoni. Sauti hiyo aliirithi kwa baba yake, mpigaji wa ilimba, marimba ya vidole yenye vyuma vilivyopangwa juu ya kisanduku cha mbao. Nyie wa rika langu mliokulia Dodoma mtakuwa mmeiona. Mtakumbuka pia kwamba ilimba hutobolewa vitundu, na kila kitundu huzibwa kwa ule utando mweupe wa buibui, wa mviringo, anaoubandika ukutani kufunikia mayai yake. Utando ukitetemeka, sauti inavuma. Bila mvumo huo, Mgogo wa zamani atakwambia ilimba bado haijaamka.

Hayo nayajua sasa. Wakati ule nilijua alichoniambia babu tu. Alikuwa akibandua utando kwa ukucha wa kidole gumba, ananionyesha, anasema, "Huyu ndiye anayeimba, mjukuu wangu. Mimi nampapasa tu." Mtoto wa miaka minane akiambiwa hivyo na mtu mwenye mvi, anaamini. Niliamini kwamba buibui huimba, kwamba kila ilimba ina wa kwake, na kwamba babu anafahamiana nao.

Babu alifariki wakati wa mvua. Mama aliondoka kwenda kwao siku hiyo hiyo, akakuta korongo limefurika, akakaa ng'ambo ya huku siku mbili akiyatazama maji. Alipofika walikuwa wameshazika, na ile ilimba ilishachukuliwa, hata haikujulikana ni nani aliyeichukua. Alirudi Majengo na kanga zake zina tope, akaendelea na kazi zake, ila kuimba hakuimba tena. Kanisani alichezesha midomo tu. Nilikuwa nakaa karibu yake makusudi, nasogeza sikio, sisikii kitu. Usiku nilimwomba Mungu amrudishie mama sauti, na kama haiwezekani basi anipe mimi ugonjwa mdogo, usiouma sana, ili aniimbie.

Baba alihangaika kwa namna yake. Yeye alikuwa mtu wa Kondoa, fundi seremala, na dawa yake ya kila kitu ilikuwa mbao. Alimtengenezea mama kigoda kipya. Akamtengenezea rafu ya vyombo. Mama alishukuru, akapanga vyombo, kimya.

Ndipo mwalimu mmoja, jirani wa mtaa wa pili, akapata uhamisho, akatoa vitu vyake barazani kuviuza. Baba alitaka kwenda kulitazama kabati ambalo yeye mwenyewe alilitengeneza zamani, aone limezeekaje. Tukaenda wote watatu. Baba akaanza kufungua na kufunga milango ya kabati kwa fahari. Mama akapita kati ya ndoo na magodoro, akasimama mbele ya gitaa la rangi ya asali lililoegemezwa ukutani, akagusa uzi wake mmoja kwa kidole gumba.

Likavuma.

Nilimwona mama akigeuza shingo haraka, kama mtu aliyeitwa jina lake sokoni. Akagusa tena. Ule uzi ulilia, na chini yake kitu kikafuata, kinono, chenye kukwaruza kidogo. Niliujua mvumo ule. Mwili wangu wote uliujua.

"Baba Agnes," mama akaita, "njoo usikie."

Baba akaja. Hakusikiliza, alitazama. Alilipakata, akagonga ubao wa juu kwa kifundo cha kidole hapa na pale, kisha akalamba kidole na kukipitisha taratibu kutoka kwenye tundu la sauti kwenda chini. Mate yakazama mahali pamoja, ukatokea mstari mweusi mwembamba, mrefu kama kiganja changu.

"Mnaona?" akasema. "Mbao nzima hainywi mate."

Mwalimu akajikuna kichwa. "Fundi, sikufichi. Vijana waliliangusha siku ya mahafali. Tangu hapo linakoroma."

"Halikoromi," mama akasema.

"Mama Agnes, hata mimi nasikia."

"Unasikia, ila hujui unachokisikia. Nyie watu wa Kondoa muziki mliukuta njiani."

Baba akacheka. "Na nyie Wagogo mkiona kitu kimevunjika mnasema kina sauti." Halafu akawa mpole, akashusha sauti ili mwalimu asisikie, ingawa mwalimu alikuwa hatua mbili tu kutoka pale. "Sikukatazi gitaa. Ila hili ni bovu. Kiangazi kikija na upepo wake, ubao utakauka, ufa utatembea, litafunguka kama ganda la karanga. Nitakutafutia zima. Nipe muda."

Mama hakubishana. Alilirudisha ukutani kwa mikono miwili, akajifuta viganja kwenye kanga. "Sawa. Wewe ndiye unayejua mbao," akasema, na nikaona uso wake unajifunga, pole pole, uso ule ule tuliokuwa tukiishi nao tangu mvua.

Nilitaka kulia. Nilikuwa nimesikia kwa masikio yangu kwamba aliyekuwa akiimba kwenye ilimba ya babu amehamia humu, na baba anamwacha barazani auzwe pamoja na ndoo. Bahati nzuri baba alikuwa mtu wa kutaka ushahidi. Aliazima tochi ya mwalimu, akanipa, akaniambia, "Agnes, wewe una jicho dogo. Mulika ndani umwonyeshe mama yako ulipofika huo ufa."

Nikachuchumaa, nikaweka jicho kwenye tundu kati ya nyuzi. Niliona vumbi, kipande cha chaki, na pembeni, kwenye kona ya ubao, duara jeupe kama sarafu. Gitaa lilikuwa limekaa stoo ya shule, bila shaka, na buibui hawachagui nyumba.

"Siyo ufa!" nikapiga kelele. "Baba, siyo ufa! Ni buibui! Yumo!"

Mwalimu alicheka hadi akakaa juu ya godoro. Baba naye akacheka. Mama hakucheka. Alinipokonya tochi, akachungulia, akakaa hivyo muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Kisha akaketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, akalilaza gitaa mapajani likiwa chali, akaanza kuligusa kwa vidole gumba viwili, kama vile babu alivyokuwa akigusa vyuma vyake. Hajui gitaa. Hakuwa amewahi kulishika. Alipapasa tu hadi akapata noti tatu alizozitaka, akazirudia, na katika kuzirudia kinywa chake kikafunguka, ukatoka wimbo wa palizi wa kwao, kwa Kigogo, nusu yake tu, kwa sauti iliyokuwa na kutu.

Baba alisimama ameshika mlango wa kabati. Aliufungua, akaufunga, akaufungua. Mama alipoishia njiani na kufuta macho kwa pindo la kanga, baba alisema, "Mwalimu, gitaa tunalichukua."

"Na ufa, fundi?"

"Ufa nimeuona. Ni wangu sasa."

Tulirudi nyumbani bila kabati. Njiani baba alimwambia mama kwamba siku moja itabidi auzibe, hawezi kulala nyumba moja na mbao iliyopasuka, watu watasemaje. Mama akajibu, "Utaziba. Ila usiliue," na baba akasema hajawahi kuua gitaa. Miezi iliyofuata naikumbuka kama sikukuu isiyoisha. Mama aliimba. Aliimba akikoroga mlenda, aliimba kanisani hadi wazee wakawa wanageuka kumtazama, na jioni alikaa kwenye kile kigoda akilipapasa gitaa lililolala mapajani. Mimi nilimtunza buibui. Nilikuwa nakamata nzi, nawadumbukiza kwenye tundu la sauti, wawili asubuhi na mmoja jioni.

Kiangazi kikaja, na baba alikuwa amesema kweli. Upepo ulipuliza vumbi hadi kwenye vikombe vya chai, na ule mstari mwembamba ukatembea, ukafika kwenye kile kibao kinachoshikilia nyuzi, ubao ukaanza kuinuka upande mmoja. Asubuhi moja baba alilibeba hadi karakanani. Lilikaa huko siku tatu, limebanwa kwa jiliwa na vipande vya mbao, na nyumba nzima ikanuka gundi.

Alipolirudisha alikuwa amelisugua hadi linang'aa. Ufa huuoni. Mama akalipiga. Likatoa sauti safi.

"Asante sana, Baba Agnes," mama akasema. Alisema vizuri, kwa heshima zote, akalipiga tena mara moja, akasimama na kulitundika msumarini. Kisha akaenda kuwasha moto.

Jioni hiyo hakuimba, wala kesho yake. Baba alikaa mezani akila ugali wake, anatazama msumari. Juma lile akasema anakwenda kutafuta mbao za mninga, akaondoka na baiskeli kabla jua halijachomoza, akarudi kesho yake jioni amejaa vumbi hadi kope, mikono mitupu. Nilishangaa ni mninga gani huo usioonekana.

Asubuhi iliyofuata nilimkuta nyuma ya mlango wa banda, amesimama juu ya kigoda, ameshika wembe. Alikuwa anakwangua tando nyeupe ukutani. Moja ilipasuka, akaitupa. Akakwangua nyingine. Chini palikuwa na vipande vyeupe vingi, na buibui wanakimbia huku na huko.

Nilielewa yote mara moja, au nilidhani nimeelewa. Alikuwa amemwua wa kwenye gitaa kwa gundi yake, na sasa anawamaliza na wengine wote ili asiwepo hata mmoja wa kurithi nafasi. Sikumwamkia. Baba yangu alikuwa mtu wa kujali shikamoo, na mimi nilimnyima asubuhi hiyo, na ya pili, na ya tatu. Hakunigombeza. Aliniangalia tu, akaendelea na shughuli zake, na vidole vyake vilikuwa na gundi nyeupe kwenye kucha.

Siku ya nne niliamshwa na mvumo. Nilikimbia na gauni la kulalia. Mama alikuwa ameketi kwenye kigoda, gitaa mapajani, mdomo wazi, anaimba wimbo wa palizi kutoka mwanzo hadi mwisho. Baba alikuwa ametoka mapema kwenda kwa mteja. Na kwenye ubao wa gitaa, karibu na tundu la sauti, palikuwa na kitundu kipya, kidogo kama punje ya uwele.

Mlango! Buibui mmoja alinusurika, akatoboa mlango wake mwenyewe, akaingia. Nilimshangilia moyoni kama mtu aliyeshinda vita. Niliendelea kukamata nzi mwaka mzima.

Nilikua, nikajua kwamba buibui hawaimbi. Kile kitundu nikaamua ni kazi ya wadudu wa mbao, na mvumo ni sehemu ya ufa ambayo baba hakuipata. Lakini ile picha ya baba na wembe haikutoka. Haikuwa chuki, nilimpenda sana baba yangu. Ilikuwa imani ndogo tu iliyobaki, kwamba mambo ya mama hakuyaelewa. Siku ya mazishi, mimi ndiye niliyesoma wasifu wake, na nilisema hivyo mbele ya watu, kwa upendo kabisa: "Baba alikuwa mtu wa mbao. Muziki alimwachia mama." Watu walitabasamu. Mama aliinamisha kichwa, nikafikiri analia.

Basi, siku ile mama aliposema limenyamaza, nikalipeleka gitaa mjini, kwa kijana mmoja anayetengeneza vyombo vya muziki. Alilegeza nyuzi, akaingiza kioo kidogo chenye mpini kama cha daktari wa meno, akamulika kwa simu.

"Dada, nani aliziba huu ufa?"

"Marehemu baba yangu."

"Alikuwa fundi. Ameweka viraka vya mbao kwa ndani, vitatu, amevichonga vyembamba kama kadi. Huu ufa haufunguki tena, labda ulichome moto." Akageuza kioo. "Sasa kinachonishangaza ni hiki kitundu. Mtu mwenye mkono huu anatoboaje ubao mzima?"

"Siyo yeye. Ni wadudu."

"Mdudu hatoboi duara namna hii. Hii imetobolewa kwa kekee, na ukingo umepigwa msasa. Hebu tazama kwa ndani."

Nikaweka jicho. Kwenye kioo niliona kile kitundu, na kukizunguka, pete za gundi kavu, moja juu ya nyingine, nyingi, kama pete za kisiki cha mti. Kwenye pete ya juu kabisa kilining'inia kipande cheupe, chembamba kuliko karatasi, kimechanika katikati.

"Mtu amekuwa akibandika kitu hapa miaka mingi," kijana akasema. "Nikizibe?"

"Hapana," nikasema. "Hapana, tafadhali. Kiache."

Nilirudi nyumbani nimelipakata. Mama alikuwa uani. Nikaketi karibu yake, nikamuuliza, "Mama, ulikuwa unajua?"

Hakuniuliza nazungumzia nini. "Alikwenda Mvumi kwa baiskeli," akasema. "Alimtafuta mjomba wako amfundishe. Mjomba ndiye aliyeniambia, baadaye sana. Baba yako hakusema. Na mimi sikusema."

"Miaka yote hii?"

"Utando haukai, mwanangu. Unatoboka. Ukitoboka naliweka gitaa pale mezani kwake, naondoka. Asubuhi nalikuta limepona." Akakung'uta ungo. "Aliona haya, si unajua. Fundi mzima, kutoboa mbao nzima kwa makusudi."

"Sasa mbona umeendelea kuliweka pale, na yeye..."

"Ningeliweka wapi, Agnes? Pale ndipo linapotengenezwa."

Nikamwomba msamaha kwa ule wasifu, akasema wasifu ulikuwa mzuri, ulikuwa na makosa tu.

Asubuhi yake nilikwenda bandani na gitaa kabla mama hajaamka. Nyuma ya mlango, ukuta ulikuwa umejaa alama za mviringo mahali ambapo tando zimebanduliwa, safu kwa safu, na kati yake tando mpya tano, zimenona, tangu baba aanze kuumwa hakuna aliyezigusa. Wembe ulikuwa umechomekwa kwenye boriti, kwa urefu wa mkono wake. Ilibidi nipande juu ya kigoda. Utando wa kwanza ulipasuka vidoleni mwangu. Wa pili pia. Buibui alikimbia na mimi nikamwambia samahani. Wa tatu ulitoka mzima, nikauingiza kwa ncha za vidole kupitia tundu la sauti, nikaubandika kwenye kile kitundu kwa gundi ya kopo lake, nikalilaza gitaa chali katikati ya meza kama nilivyolikuta. Nikatoka nikaenda kuteka maji.

Niliporudi halikuwapo mezani. Niliingia bandani kurudisha wembe kwenye boriti, na nikiwa bado juu ya kigoda nikausikia kutoka ndani ya nyumba, mvumo kwanza, halafu sauti ya mama, imezeeka, inaanzisha wimbo wa palizi. Nilisimama pale, mkono umeshika boriti, maranda yamenijaa miguuni.

"Shikamoo, baba," nikasema. Kisha nikasema ya pili, na ya tatu.